Nani Achore Ramani ya Shehia Zetu?



Kisiwa chetu cha Pemba hakikosi mipango. Uko mpango wa msitu, uko wa bahari, uko wa magofu, na wa wageni watalii nao uko. Twashukuru kwa yote hayo. Walakini mipango ya namna hii kwa desturi huhesabu mahali pachache tu: Ngezi kwa sababu ya miti yake, Misali kwa sababu ya matumbawe na samaki wake, Pujini na Ras Mkumbuu kwa sababu ya kuta za kale. Baki ya kisiwa, yaani vilima vya mikarafuu na mabonde ya mpunga tunamokaa sisi, hupitwa kana kwamba hapana kitu cha kuhifadhiwa.

Sisi twaona kasoro ipo hapo, na twataka kusema kwa nini.

Ndege wa kisiwa hiki wako wa aina 4 wasiopatikana popote pengine duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na yule ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni. Huyo bundi hakai Ngezi peke yake. Hukaa pia katika mashamba ya mikarafuu, tena mtu aliyewahi kulala dago wakati wa uchumaji amekwisha msikia. Yeye hajui mpaka wa msitu uliochorwa na ofisi. Basi mkulima anapokata shamba zima la mikarafuu mikongwe ili auze viwanja, hakuondoa mali yake peke yake.

Tena mikarafuu yenyewe ni historia. Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikaponea kwa sehemu kubwa. Tangu hapo kisiwa chetu ndicho mama wa karafuu. Sakafu za kuanikia, njia za kushukia bandarini, visima vya wachumaji, majina ya mashamba ambayo wazee peke yao wanajua yametoka wapi, hayo yote ni mambo ya kale kama zilivyo kuta za Mkama Ndume. Tofauti ni kwamba kuta za Mkama Ndume zimeandikwa katika vitabu, na hayo mengine hayakuandikwa.

Hatusemi magofu si kitu. Mwaka 1984 katika Mtambwe Mkuu zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu, na wataalamu wakazijua kuwa ni za karne nyingi kabla ya kuja Mreno. Chwaka ya Tumbe kumechimbwa, na imeonekana kuwa watu walijenga mji na misikiti ya mawe wakati ambapo wengi walidhani Pemba ilikuwa shamba tu. Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini tazama gofu lilipo: limezungukwa na migomba, mihogo na nyumba za watu. Mlinzi wake wa kweli ni jirani. Kama jirani hakuulizwa wakati wa kupanga, naye anataka mawe ya msingi wa nyumba yake, kibao cha ilani kitamzuia kwa siku ngapi?

Mtu atauliza, je, wanakijiji wanaweza kazi hii? Tuna jibu la hapa hapa nyumbani, nalo ni popo. Popo wa Pemba, yule mkubwa ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia urefu wa mtu, hapatikani nchi nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kwisha. Aliwindwa kwa nyama, na miti mikubwa anayolala ilikatwa. Wataalamu walipokuja kumtafuta waliwaona wachache mno. Katika miaka ya 1990 vikaundwa vilabu vya vijiji, Kidike ikiwa ni mmojawapo wa mahali panapojulikana sana, na watu wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe kuwa mti huu haukatwi na popo huyu hapigwi. Haikupita miaka 20 hesabu ikawa zaidi ya 20,000. Wageni huenda Kidike kuwatazama na kulipa kiingilio. Serikali na wafadhili walisaidia, hatukatai, lakini askari hawakuwekwa chini ya kila mti. Waliokesha ni wenye miti.

Misali nayo yafundisha jambo jingine. Ilipotangazwa hifadhi mwaka 1998, wavuvi hawakufukuzwa. Walishirikishwa, sehemu moja ikaachwa isivuliwe kabisa na nyingine ikavuliwa kwa utaratibu. Na kilichowagusa wengi si hesabu za samaki. Ni ile habari ya wazee kwamba Nabii Khidri ndiye aliyekifanya kisiwa kile msala wake, na mafundisho ya dini kuwa mwanadamu ni mwekwa amana tu juu ya ardhi. Mpango uliosahau maneno kama hayo hausomwi na mtu, hata ukipigwa chapa kwa wino wa dhahabu.

Rai yetu basi ni hii. Kila shehia yenye wanachama wetu ichore ramani yake yenyewe, na wakulima wa karafuu wawemo katika kuichora. Sheria ya misitu, Nambari 10 ya 1996, yawapa wananchi njia ya kufanya mapatano na serikali na kusimamia msitu wao. Shehia kadhaa zimekwisha itumia. Njia ipo, twataka iingize na shamba, na gofu, na kisima, na uwanja.

Twasema uwanja kwa makusudi. Mchezo wa ng'ombe, ambao wageni husema tuliachiwa na Wareno, wahitaji mahali peupe, na mahali peupe siku hizi ndipo panapotamaniwa kwanza na mwenye kutafuta kiwanja. Mchezo haupotei kwa kupigwa marufuku. Hupotea siku ng'ombe wanapokosa pa kuchezea. Kadhalika vichaka vya makaburini, ambavyo vimesalia kwa heshima tu. Kizazi cha sasa chaiona heshima hiyo. Kijacho kitataka kuiona katika karatasi.

Liko jambo la kuni, nalo ni letu sisi wenye mashamba. Msimu ukiwa mzuri huja wachumaji wengi, hupigwa madago, na chakula hakipikwi kwa jua. Kuni hizo hutoka wapi? Hutoka katika kichaka kilicho karibu, na kichaka kikisha, hutoka mikokoni, na mikoko ikisha, maji ya chumvi hupanda mabondeni yakaua mpunga. Wenzetu wa mabonde wanalijua hili kwa machungu. Twapendekeza kila mwenye kuweka wachumaji apande miti ya kuni pembeni mwa shamba, na ramani ionyeshe itapandwa wapi. Hili lagharimu kidogo, na wako watakaonung'unika. Na wanung'unike.

Wako pia wanaosema kuhifadhi ni kuzuia maendeleo, ati tutakatazwa kung'oa hata mkarafuu uliokufa. Hasha! Mkarafuu uliokwisha kuzaa ung'olewe, na mche upandwe mahali pake. Ndivyo shamba linavyoishi. Hatuombi kila kitu kibaki kama kilivyo. Twaomba wanakijiji waketi waseme: miti hii 10 ya kando ya msikiti itabaki, kilima hiki hakijengwi kwa sababu udongo wake utashuka wote bondeni, na pale chini nyumba zijengwe. Ramani isiyoonyesha pa kujenga ni ramani ya kugombanisha watu.

Lililo gumu zaidi ni la umiliki. Baada ya 1964 mashamba mengi yalitwaliwa na watu wakagawiwa eka 3 kila mmoja, na iko mikarafuu iliyobaki ya serikali ambayo hukodishwa msimu kwa msimu. Mwenye kukodi kwa msimu mmoja ana sababu gani ya kupanda mche utakaozaa baada ya miaka kadhaa? Hata ya kuuchuma mti kwa upole hana. Tawi likivunjika, mwakani huenda ni la mwingine. Twaona haki mikarafuu hiyo ikodishwe kwa muda mrefu, na shehia iwe na sauti katika kuchagua anayekodi, kwa sharti la kupanda na kutunza. Jambo hili halimo mikononi mwetu, limo mikononi mwa serikali, na twaliomba kwa adabu lakini twaliomba hasa. Bila ya hilo, ramani zitakuwa na matundu mahali panapohitaji kuzibwa zaidi.

Twawaomba makatibu wa matawi waitishe mkutano kabla ya msimu kuanza, maana msimu ukianza hapana atakayekuja. Waalikwe sheha, wavuvi, walimu wa skuli na wa vyuo, na wanawake wasikalishwe mlangoni, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni chemchemi gani imekauka na ni kichaka gani kina dawa. Wazee watangulizwe kusema majina ya mahali, na kijana mwenye mwandiko mzuri ayaandike yote, hata yanayochekesha. Mzee asiyeweza kutembea aendewe nyumbani. Nakala moja ibaki kwa sheha, moja tawini, na moja iletwe ofisi ya chama, ambako tutazipanga pamoja na kuzipeleka kwa wakuu wa wilaya kwa jina la wanachama wote.