Jasho Haliwekwi Kwenye Bahati Nasibu

Makamanda, leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za mikutano ya hadhara, tuongelee gemu. Najua wapo watakaosema huo ni utoto. Lakini vijana wengi wa chama hiki hiki usiku wako kwenye simu, bando linakwenda na hela zinakwenda. Panapokwenda hela za vijana, siasa ipo.

Nachukua mfano wa gemu ninayoicheza mwenyewe: Genshin Impact, iliyotoka Septemba 2020, ya kampuni ya miHoYo ya Shanghai. Kuipakua ni bure. Kila siku unapewa kazi nne ndogo: piga majambazi, peleka mzigo, saidia mtu. Hakuna anayekulazimisha. Ukizimaliza na kwenda kuripoti, jumla unapata vito 60 vinavyoitwa Primogem. Hapo sina ugomvi. Kazi inajulikana, malipo yanajulikana, asiyetaka anaacha.

Ugomvi unaanza kwenye matumizi ya hivyo vito. Shujaa mpya humnunui, unavuta bahati. Kuvuta mara moja ni vito 160, yaani karibu siku tatu za kazi. Uwezekano wa kupata shujaa wa nyota tano kwa mvuto mmoja ni asilimia 0.6. Kuna kikomo: ukifika mivuto 90 lazima upate mmoja. Ila anaweza kuja usiyemtaka, ukaanza kuhesabu upya, na safari ya pili ndiyo unahakikishiwa yule wa kwenye tangazo. Mwenye mkosi kabisa atavuta mara 180, sawa na vito 28,800. Kwa kazi za kila siku peke yake, hizo ni siku 480. Matukio mengine ya gemu yanakuongezea vito, sawa, lakini shujaa mwenyewe anakaa kwenye tangazo wiki tatu hivi kisha anaondoka.

Hapo ndipo duka linafunguliwa. Kifurushi kikubwa kinauzwa karibu dola 100, na bila ofa ya mara ya kwanza kinakupa kama mivuto 50. Nimepiga hesabu: kwa anayeanzia sifuri, kati ya watu 100 watakaovuta mara 50, takriban 74 hawatapata hata nyota tano mmoja. Dola 100, jamani! Mkeka umechanika na hata mpira haujachezwa.

Mtaniambia, "Si ni hiari?" Kazi ni ya hiari, ndiyo. Lakini ukiruka siku, vito 60 vimepotea, na saa ya tangazo inahesabu. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huku unachumia juani, halafu ukifika kivulini unaambiwa uzungushe gurudumu kwanza.

Tuwe wakweli pia: gemu hii angalau imeandika uwezekano wako na kikomo chake. Kijana anayeomba ajira serikalini, nani amemwandikia uwezekano wake? Nani amemwekea kikomo cha mkosi? Lakini tusidhani uwazi huu wa magemu ni huruma ya makampuni. China ilianza mwaka 2017 kuyalazimisha yatangaze uwezekano. Ubelgiji mwaka 2018 ilisema masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya magemu kadhaa ni kamari. Januari 2025, kampuni inayosambaza Genshin Impact nchini Marekani ilikubali kulipa dola milioni 20, baada ya mamlaka za huko kuituhumu kwamba iliwapotosha watoto na wachezaji wengine kuhusu gharama halisi na uwezekano wa kushinda. Ilikubali pia kutowauzia walio chini ya miaka 16 bila idhini ya mzazi.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya mwaka 2003, kabla simu janja hazijafika mikononi mwetu. Kwenye kubeti mpira tunasema wazi kwamba aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Bahati inayouzwa ndani ya gemu ya katuni inastahili kuulizwa swali hilo hilo.

Kwa hiyo napendekeza jumuiya yetu ya vijana ibebe mambo matatu. Moja, kila gemu inayouza bahati kwa hela iandike uwezekano kwa Kiswahili, na bei kwa shilingi, siyo kwa vito. Mbili, kuwe na kikomo cha mkosi kinachojulikana kabla mtu hajalipa. Tatu, aliyemaliza kazi aweze kuchagua zawadi yake kwa bei iliyo wazi, hata kama itamchukua muda, badala ya kusukumwa kwenye gurudumu.

Sisemi tufute magemu. Mimi mwenyewe kesho nitaingia kufanya kazi zangu nne. Ninachodai kwenye simu ndicho tunachodai kila siku majukwaani: aliyefanya kazi ajue malipo yake kabla ya kuanza, na akimaliza, alipwe.