Ukishuka Garsen, usitafute chipsi

Ukipanda basi la Mombasa kwenda Lamu, Garsen huikwepi. Basi linasimama, vijana tunashuka kunyoosha miguu, tunanunua soda na biskuti, tunapiga selfi moja, safari inaendelea. Ukituuliza Garsen kukoje, jibu ni moja: joto!

Majuzi mimi na rafiki yangu tuliamua kulala pale wikendi nzima. Usiku wa kwanza tulizunguka tukitafuta chipsi kuku. Tulizipata, zimepoa, na bei ni ile ile ya mjini. Asubuhi mama mwenye gesti akatucheka: "Wanangu, mmekuja hadi mtoni kula viazi vya bara?"

Akatuelekeza kibandani kwa jirani yake. Hakukuwa na menyu. Tulipewa wali, kambare wa mchuzi wa nazi, embe, kisha chai nzito ya maziwa. Tulishiba hadi tukanyamaza.

Nikamuuliza mpishi vitu vyake hutoka wapi. Mchele na embe, akasema, anauziwa na wakulima Wapokomo. Maziwa huletwa na akina mama wa Orma. Samaki ni wa Mto Tana, siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo chakula kilipoanza kunifikirisha. Hizi ndizo jamii tulizozisikia kwenye habari mwaka 2012 na mapema 2013, wakati mapigano ya hapa Tana Delta yalipoua watu zaidi ya 100. Mkulima anataka shamba, mfugaji anataka njia ya kufikisha mifugo majini, na mto ni mmoja. Lakini kibandani wote wana mteja mmoja. Sisemi sahani ya wali italeta amani. Nasema biashara inayowahitaji wote wawili ni sababu moja zaidi ya kuelewana, na hela yako inaiongezea nguvu.

Halafu kuna mafuriko. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilivunja kingo, ikafagia mashamba na kuhamisha familia nyingi. Wakati ule tulituma pole mitandaoni. Sawa, lakini mkulima aliyepanda upya anahitaji mnunuzi kuliko emoji.

Najua kuna atakayeuliza, "Na usafi je?" Swali zuri. Kula chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi, nawa mikono, beba maji yako. Tahadhari hizo hizo unazihitaji hata Nairobi.

Kwa hivyo safari ijayo, usiulize kama kuna chipsi. Uliza, "Mama, leo mmepika nini, na mchele ni wa hapa?" Wenye vibanda wakisikia swali hilo kila wikendi, wataendelea kununua wa hapa. Na tafadhali, usibishanie bei ya sahani wakati soda ulilipa bila kunung'unika.