Ndege Wenye Njaa na Bustani ya Mama



Juma hili tumepokea barua ya mama mmoja mjane, mkulima wa mboga katika milima ya Kivu. Kabichi, njegere, karoti na nyanya ndizo zinazomlisha yeye na watoto wake wanne, na zinazobaki huziuza sokoni. Asema kwamba kila apandapo mbegu, ndege hushuka kana kwamba wamealikwa. Kwa sababu hiyo mwanawe wa kiume, aliye katika mwaka wa tano wa shule ya msingi, hushinda bustanini akipiga debe, na mwalimu amekwisha kumwonya mama mara mbili. Jirani amemshauri achanganye punje za mahindi na sumu, azimwage kando ya matuta. Mama atuuliza kama shauri hilo ni jema.

Mama mpenzi, barua yako tumeisoma kwa moyo wote, kwani ndani yake mna maswali mawili: moja la ndege, na moja la mtoto. Tutayajibu yote mawili.

Mwizi ni nani?

Hakimu mwema hahukumu kabla ya kusikiliza mashahidi. Si kila hasara ya bustanini ni kazi ya ndege. Amka mapema, ukatazame matuta kabla mtu hajapita. Mbegu zikiwa zimefukuliwa usiku na maganda yake kuachwa hapo, umshuku panya, kwani hua na njiwa hulala usiku. Mche ukiwa umekatwa usawa wa ardhi na kulazwa kando, fukua kidogo kwa kidole. Huenda ukamkuta kiwavi mnene amejikunja udongoni. Huyo hafukuzwi kwa debe.

Ndege nao hawafanani. Hua na njiwa hutafuta mbegu zilizolala juu ya udongo. Kunguru huvuta mche wa mahindi au wa maharagwe ili aile mbegu iliyo chini yake. Shore hudonoa nyanya zilizoiva. Kuzumburu, yule wa rangi ya kahawia, mwenye kishungi kichwani na mkia mrefu mwembamba, huja kwa kikundi akala majani machanga, machipukizi na matunda. Ukimjua adui yako, nusu ya vita umekwisha kushinda.

Ulinzi wa majuma matatu

Hatari kubwa haidumu mwaka mzima. Mbegu ya njegere au ya maharagwe huota kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi. Mche ukiisha kushika mizizi na kutoa majani kadha wa kadha, kunguru haung'oi tena kwa urahisi. Basi, kwa hua na kunguru, kazi kubwa ya ulinzi ni ya majuma mawili au matatu baada ya kupanda. Fanya haya:

Kwanza, zika mbegu vizuri. Njegere na maharagwe yakae chini kiasi cha sentimita 4 au 5, kisha ukandamize udongo kwa kiganja. Usiache hata mbegu moja juu ya tuta, kwani hiyo moja ndiyo inayowaita wengine.

Pili, funika. Kwa kitalu cha kabichi, ambacho ni kidogo, pinda fito au matete yawe kama matao, kisha utandaze juu yake wavu au matawi yenye majani machache, ili mwanga uingie. Chandarua kikuukuu kilichochanika chafaa sana. Lakini kile kizima kibaki juu ya kitanda cha watoto, kwani mbu wa malaria ni mbaya kuliko kunguru. Tena kingo za wavu zizikwe au zikandamizwe kwa mawe, ndege asije akaingia chini akanaswa.

Tatu, kwa matuta marefu, simika vijiti na kupitisha kamba nyembamba juu ya mistari, ukifunga vipande vya nguo au vya mfuko wa plastiki vinavyopepea. Matawi ya miiba yaliyolazwa juu ya mbegu husaidia pia. Uyaondoe miche inapoanza kusimama.

Nne, sanamu ya mtu iliyovikwa koti kuukuu haina budi kuhamishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Wengi huisimika mahali pamoja mwezi mzima, kisha hushangaa kumwona kunguru ametua kichwani pake. Ndege si mjinga. Akiona mlinzi hasogei, humzoea. Leo weka sanamu, kesho kutwa makopo yanayogongana kwa upepo, halafu utepe wa kaseti unaometameta.

Tano, nyanya zichumwe zinapoanza kubadilika rangi, ziivie ndani ya nyumba. Wakati wa kiangazi, toka Juni hata Agosti, ndege hudonoa matunda kwa kiu pia. Bakuli la maji lililowekwa mbali na matuta laweza kupunguza hasara, lakini libadilishwe maji kila siku, lisizae mbu.

Kwa kuzumburu hatutakudanganya: huyo ni msumbufu, na arudi hata baada ya majuma hayo matatu. Dawa yake ni wavu tu, na bidii.

Sumu isiingie bustanini

Sasa twafika kwenye shauri la jirani. Mama, usilifuate. Punje yenye sumu haichagui mdomo. Kuku wako ataila, na kuku wa jirani. Paka akimla ndege aliyekufa, naye aweza kufa. Na mtoto mdogo aokotaye kila kitu na kukitia kinywani? Machozi yake nani atayafuta? Sumu hiyohiyo yaweza kumwua bundi, ambaye wengi humchukia na kumwita mjumbe wa wachawi. Hayo ni maneno ya giza. Bundi ni mwindaji wa panya; amwuaye bundi awafungulia panya mlango wa ghala yake.

Tena ndege wengi wanaotuudhi mwezi mmoja hututumikia mwezi mwingine. Mnana, ingawa hula nafaka, hulisha makinda yake wadudu. Yule ndege mdogo mweusi na mweupe, atikisaye mkia wake uani, chakula chake hasa ni wadudu. Nani atawaokota viwavi wote wa kabichi yako kwa mkono?

Lisikilizeni jambo lililotukia China. Mwaka 1958 Serikali ya Mao Zedong iliwaamuru watu kuangamiza shomoro, kwa kuwa walikula nafaka. Watu wa miji na vijiji walitoka na masufuria na ngoma, wakapiga kelele ili ndege wasipate kutua, hata wakaanguka kwa uchovu wakafa. Lakini shomoro walipokwisha, wadudu waliongezeka mashambani. Njaa kubwa iliyoipata nchi ile miaka hiyo ilikuwa na sababu nyingine nyingi, bali kosa hilo nalo liliongeza msiba. Mwaka 1960 shomoro waliondolewa katika orodha ya maadui, na kunguni wakawekwa mahali pao. Watu wenye elimu nyingi walikosea hivyo. Sisi tujifunze kwa hasara yao.

Na mtoto je?

Hili ndilo swali kubwa, mama, ingawa uliliandika kwa maneno machache. Ukipanda Septemba na tena Februari, na kila mara mtoto akilinda majuma matatu, amepoteza majuma sita ya shule kwa mwaka. Kabichi iliyoliwa yapandwa tena. Somo la hesabu lililopita halirudi kirahisi hivyo. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi yalitangazwa kuwa bure katika shule za umma za Kongo, pamoja na zile zinazosimamiwa na Kanisa kwa mapatano na Serikali. Twajua kwamba daftari na sare bado hutafutwa kwa jasho, na bustani ndiyo inayoyalipa. Lakini bustani yalimwa kwa ajili ya mtoto. Mtoto hakuzaliwa kwa ajili ya bustani.

Basi fanyeni hivi. Ndege hula zaidi jua linapochomoza, na tena jioni kabla ya kulala. Mwanao na alinde mapambazuko, kisha anawe uso aende shuleni kabla ya kengele. Jioni, akirudi, ashike tena zamu yake, daftari likiwa magotini. Saa za katikati, kamba na wavu vitalinda. Ikiwezekana, wewe na majirani mpande juma moja, ili hasara isiangukie tuta moja peke yake, na wazee wanaobaki nyumbani wapeane zamu. Tena nenda kwa mwalimu wewe mwenyewe, umweleze. Mwalimu akijua shida ya nyumba, ataona njia ya kusaidia.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msimwachie mama kazi hiyo yote. Kukata fito na kufunga kamba Jumamosi moja si kazi ya mtu mzima tu.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, Bwana wetu alisimulia habari za mpanzi ambaye mbegu zake nyingine zilianguka njiani, ndege wakazila. Mpanzi hakuacha kupanda, na mbegu zilizopata udongo mwema zikazaa sana. Mama, funika mbegu zako vema udongoni, na mwanao umfunike katika shule yake, asije akadonolewa na ujinga. Yote mawili yataota.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.