Si kila mwenye sharubu ni kambare

Jumamosi moja nilipita katika soko la Makina, Kibera, nikasimama mbele ya meza ya mama mmoja auzaye samaki waliokaushwa kwa moshi. Kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma, nikamwuliza bei ya kambare. Mama akatabasamu. "Kambare yupi, mwalimu? Huyu ni mumi. Wale wadogo pale ni okoko. Na kama wataka seu, siku hizi haji sana."

Nilinyamaza. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana jinsi lugha inavyoupambanua ulimwengu na kuupa majina. Hata hivyo, mimi ndiye niliyewatia samaki watatu katika kapu la neno moja, na mama yule ndiye aliyewatoa mmoja mmoja.

Kosa hili si langu peke yangu. Mwanafunzi akutanapo na neno kambare na kufungua kamusi, mara nyingi huambiwa kwamba ni "aina ya samaki", pengine ikaongezwa kwamba ana sharubu. Maelezo ya namna hiyo ni sawa na kusema kwamba mwembe ni aina ya mti: si uongo, lakini hayamsaidii mtu kuutambua mwembe akiusimamia chini yake.

Hebu tuwatazame samaki wenyewe. Mumi, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus, ana kichwa kipana kilicho bapa, jozi nne za sharubu, pezi la mgongoni linaloenea karibu hadi mkiani, na mkia wa mviringo. Ana kiungo cha kupumulia hewa, ndiyo maana akitolewa majini hafi upesi. Seu, yaani Bagrus docmak, naye ana jozi nne za sharubu, lakini mkia wake umegawanyika panda, na nyuma ya pezi la mgongoni ana pezi jingine laini lisilo na miiba. Okoko, wa jenasi ya Synodontis, ana jozi tatu tu, na sharubu za taya la chini zina vitawi. Akikamatwa, huusugua mwiba wa pezi la kifuani hata ukatoa mlio. Upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria huitwa gogogo, na sikio langu la kiisimu laniambia kwamba jina hilo ni tanakali ya mlio huo.

Mumi, seu na okoko ni maneno ya Kijaluo. Wavuvi waliyahitaji kwa sababu riziki yao ilitegemea tofauti hizo. Kiswahili cha shuleni, kilichokulia mbali na ziwa hilo, kimeridhika na neno moja.

Huenda msomaji akauliza: mwanaisimu ana haja gani na sharubu za samaki? Jibu ni kwamba kazi ni ileile. Mwulize mzawa wa Mombasa atamke kaa la moto, kisha kaa wa baharini. Katika neno la pili hutoa pumzi zaidi baada ya sauti ya k, na kwake hayo ni maneno mawili tofauti. Wengi wetu tuliolelewa Nairobi hatusikii tofauti yoyote. Si kwamba haipo, hatukufunzwa kuisikia. Jicho nalo, kama sikio, hufunzwa lipi la kuzingatia na lipi la kupuuza.

Wapo watakaosema kwamba tuwaachie wataalamu wa wanyama na majina yao ya Kilatini. Lakini nao huteleza. Katika Ziwa Tanganyika wamo samaki wa jamaa ya okoko, wenye madoadoa, wapendwao sana na wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani. Mmoja wao, Synodontis petricola, alipewa jina mwaka wa 1959. Kwa miaka mingi samaki mwingine mdogo aliuzwa kwa jina hilohilo, watu wakidhani ni petricola aliyedumaa. Mwaka wa 2006, wataalamu Jeremy Wright na Lawrence Page walionyesha kwamba huyo ni spishi tofauti, wakamwita Synodontis lucipinnis, yaani mwenye mapezi ya nuru. Alama yake ni mabaka meupe kwenye mashina ya mapezi, penye rangi nyeusi. Alama hiyo ilikuwa mbele ya macho ya kila aliyemweka katika hodhi lake la kioo.

Kosa la kinyume nalo limetokea. Mumi yuleyule mmoja aliwahi kuandikwa vitabuni kama mossambicus huku kwetu na lazera kaskazini mwa Afrika. Ilichukua hadi miaka ya 1980 kwa Guy Teugels kuthibitisha kwamba wote ni gariepinus. Kutenganisha kilicho kimoja na kuunganisha vilivyo vingi ni ndugu wawili wa kosa moja, nalo ni kutotazama vyema.

Wala jambo hili si mchezo wa wenye hodhi za kioo. Katika vilindi vya Ziwa Victoria aliishi samaki wa jamii ya mumi, Xenoclarias eupogon, asiyepatikana kwingine duniani. Leo ameorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kuangamia, na yadhaniwa huenda ametoweka. Ni nani kati yetu aliyemlilia? Kwa yeyote aitaye kila mwenye sharubu kambare, hakuna kilichopungua ziwani maadamu kambare wangali sokoni. Asiye na jina hana matanga.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wenzangu. Wapelekeni wanafunzi sokoni na daftari, iwe Makina, Kawangware au Kisumu. Wahesabu sharubu, watazame mikia, kisha waulize wauzaji majina na kuyaandika jinsi yanavyotamkwa. Nasi watunzi wa kamusi tusione haya kuyapokea mumi, seu, okoko na gogogo. Kiswahili kilipokea maneno kutoka ng'ambo ya bahari bila kupoteza hadhi yake. Hakitaipoteza kwa kupokea maneno kutoka ng'ambo ya ziwa.

Mimi nimekwisha kuanza. Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa yule mama, nikainama na kutazama kwanza kabla ya kunena. Kisha nikamwuliza bei ya mumi.