Rufiji baada ya bwawa: Nani atapanga mafuriko?

Umeme uliosaidia kumaliza mgawo uliowasumbua wakazi wa Dar es Salaam na miji mingine mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 unatoka katika mto ambao wengi wao wanaujua kwa jambo moja tu: lile daraja refu wanalolivuka wakielekea Lindi na Mtwara.

Juu na chini ya daraja hilo wanaishi watu ambao kwao Mto Rufiji ni mvua, ni mbolea na ni kalenda. Kwa vizazi vingi wamelima kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maji yake. Sasa kupanda na kushuka huko kunategemea milango ya bwawa, na hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote yaliyowahi kuipata Wilaya ya Rufiji.

Wilaya hiyo ya Mkoa wa Pwani ina makao makuu yake Utete, mji mdogo ulio ukingo wa kusini wa mto. Biashara, hata hivyo, iko Ikwiriri, upande wa kaskazini, kando ya barabara kuu iendayo kusini. Magharibi kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Mashariki, sehemu kubwa ya delta yenye msitu mkubwa wa mikoko ilikwenda Kibiti, wilaya iliyozaliwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010.

Wenyeji wake ni Wandengereko, Warufiji, Wamatumbi na makabila mengine madogo, wengi wao Waislamu. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 203,102 katika Rufiji ya zamani, kabla Kibiti haijajitenga. Ile ya 2012 ikahesabu 217,274. Ongezeko la watu 14,000 na ushei kwa miaka 10 ni dogo mno kwa nchi ambayo watu wake wanaongezeka kwa kasi kama Tanzania. Maelezo yanayoingia akilini upesi ni kwamba vijana wanahama, na anayetaka kuwaona aanzie Mbagala na Temeke.

Wanaobaki wanalima. Mpunga hupandwa bondeni mvua za vuli zinapoanza, Novemba na Desemba, ili mimea iwe imesimama vya kutosha mto utakapofurika kati ya Machi na Mei. Maji yakija mapema mno huizamisha miche. Yasipokuja, au yakiwa haba, mpunga hukauka. Yakizidi, huondoka na kila kitu.

Lakini hata mafuriko makubwa huacha riziki nyuma yake. Maji yanapopungua, kuanzia Juni, mkulima huingia katika ardhi iliyolowa na kufunikwa tope jipya, akapanda mahindi, kunde na mboga bila kusubiri mvua. Kilimo hicho wenyeji hukiita mlau. Mwaka ambao mpunga umeharibika, mlau ndio unaoiokoa kaya. Maji hayohayo huyajaza maziwa madogo ya bondeni na kuyapelekea samaki, kitoweo na biashara ya vijiji vingi.

Kazi yenyewe si nyepesi. Nguruwe pori, nyani, viboko na ndege huvamia mashamba, hivyo familia hulazimika kulala shambani, juu ya vibanda vya miti viitwavyo madungu. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 30 wilayani humo. Watafiti waliochunguza mashambulizi ya aina hiyo kusini mwa nchi walibaini kuwa simba huwafuata nguruwe mashambani, na huko humkuta mlinzi wa shamba.

Serikali imekuwa ikijaribu kuwaondoa watu bondeni kwa zaidi ya nusu karne. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 ilianzisha Operesheni Rufiji, ambayo kuanzia 1969 iliwahamishia wakulima katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, hasa kaskazini ya mto. Hoja ilikuwa ya kueleweka: huko juu mafuriko hayafiki, na shule, zahanati na visima ni rahisi kuvijenga watu wakikaa pamoja. Kasoro ilikuwa moja, nayo kubwa. Ardhi ya juu ni mchanga. Inafaa mikorosho na ufuta, si mpunga. Wakulima walihamisha nyumba lakini mashamba yakabaki bondeni, na wengi wakawa wanarudi huko kwa miezi kadhaa kila mwaka. Historia hiyo inafaa kukumbukwa na kila afisa anayeshangaa kwa nini watu wa Rufiji hawahami.

Badiliko la pili lilikuja mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa na kuchukua nafasi ya kivuko cha Ndundu. Lina urefu wa meta 970. Ikwiriri ikachangamka, nauli na safari zikapungua, na korosho, embe na samaki vikafika Dar es Salaam siku hiyohiyo. Magogo pia yalipita. Mninga, mvule na mkongo vilivunwa kwa pupa katika miaka iliyofuata, hata Serikali ikalazimika kusitisha uvunaji. Kisha wakaja wafugaji, wengi wao Wasukuma na Wabarbaig walioondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, na migogoro ya ng'ombe na mashamba ikaingia katika wilaya ambayo kabla ya hapo haikuwa na mifugo mingi.

Hayo yote yaliugusa uchumi wa Rufiji bila kuugusa mto. Bwawa limeugusa mto wenyewe.

Wazo lake ni la zamani. Mamlaka ya Kuendeleza Bonde la Mto Rufiji (RUBADA) iliundwa mwaka 1975, na Norway iligharimia uchunguzi wa kina wa bwawa katika korongo la Stiegler. Mradi ulikwama kwa miongo kadhaa hadi Serikali ya Rais John Magufuli ilipoamua kuujenga kwa fedha za ndani. Mkataba wa zaidi ya Sh6 trilioni na kampuni mbili za Misri ulitiwa saini Desemba 2018. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ujazaji maji Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yote 9 yenye uwezo wa megawati 2,115 ikakamilika mwaka 2025.

Miezi miwili baada ya mtambo huo wa kwanza kuanza kazi, bonde lilizama. Mvua kubwa za msimu wa El Nino zilijaza mito yote inayolisha Rufiji, bwawa likafurika, maji yakafunguliwa. Aprili 2024 maelfu ya watu wa Rufiji na Kibiti walipoteza mashamba na makazi. Muhoro ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi.

Lawama zilielekezwa kwa bwawa mara moja. Serikali ilijibu kwamba mafuriko si mageni Rufiji, na kwamba bila bwawa kuyazuia maji kwa miezi kadhaa hali ingekuwa mbaya zaidi. Jibu hilo lina uzito. Rufiji ilifurika mwaka 1968, ikafurika tena wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, wakati korongoni hapakuwa na zege lolote.

Ila mjadala huo ulipita pembeni ya suala kubwa. Katika mwaka wa kawaida, hatari kwa mkulima wa Rufiji si maji mengi bali maji yanayotiririka kwa kiwango kilekile mwaka mzima. Mitambo ya umeme hupenda mtiririko wa namna hiyo. Mlau hauwezi kuishi nao. Mlau unataka mto upande juu ya kingo zake na kisha ushuke. Tope nalo hutuama nyuma ya ukuta wenye kimo cha meta 131, wakati ndilo lililokuwa mbolea ya bure ya bonde na udongo unaoishikilia mikoko ya delta, mahali ambapo kamba hukulia.

Umwagiliaji unaweza kuziba sehemu ya pengo. Mtiririko wa uhakika wakati wa kiangazi ni neema kwa mwenye pampu na mfereji, na shamba lisilozama linaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini pampu, mifereji na mbolea ya dukani ni gharama, na mlau ulikuwa haudai hata senti. Mfumo utakaomnufaisha mwekezaji mwenye mtaji huku mwenye ekari mbili akikodisha ardhi yake utakuwa umetatua tatizo la mtu mwingine.

Ipo njia nyingine, nayo ni kufungulia maji kwa makusudi kila Machi au Aprili, kwa kiwango kinachotosha kulisha mashamba na maziwa bila kubomoa nyumba. Gharama yake ni maji yatakayopita bila kuzalisha umeme, na kiasi hicho kinaweza kukokotolewa. Uamuzi unahitaji watu kuketi meza moja: Tanesco inayoendesha mitambo, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji yenye makao yake Iringa, halmashauri iliyoko Utete, na wakulima wenyewe. Kilombero nayo haiwezi kuachwa nje, maana bonde lake ndilo linalotoa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na mashamba yake yanazidi kupanuka.

Mbegu za mpunga huingia ardhini Novemba. Ratiba ya maji ya Machi, kama itakuwapo, italazimika kufika vijijini kabla ya hapo.