Tusiyabomoe Maduka ya Jinja

Mimi nimezaliwa Jinja, nchini Uganda. Katika mdahalo wa darasa letu, mwenzangu mmoja alisema kwamba maduka ya zamani ya Main Street ni mabaki ya Wahindi na wakoloni, kwa hiyo yabomolewe tujenge ya kisasa. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na hapa naeleza kwa nini.

Kwanza tuyatazame majengo yenyewe. Mengi yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kabla ya Uhuru wa 1962, enzi za pamba. Mbele kuna baraza lenye nguzo, linalomkinga mpita njia na jua na mvua. Ndani ya baraza kuna milango ya mbao, na juu yake matundu ya kupitisha hewa. Paa la bati limefichwa na ukuta wa mbele, na kileleni pa ukuta huo mara nyingi utasoma jina la mwenye duka au mwaka wa ujenzi. Familia iliishi nyuma ya duka au ghorofani.

Pili, hoja ya unyonyaji. Siikatai. Biashara ya pamba ilikuwa mikononi mwa wachache, na mwaka 1949 kulitokea ghasia Buganda, wakulima wakidai, pamoja na mengine, haki ya kuchambua pamba yao wenyewe. Lakini ukibomoa ukuta, je, dhuluma ile itafutika? Kitakachofutika ni ushahidi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka yao yakagawiwa wengine. Jina lililo juu ya duka ndilo linalomfanya mtoto aulize: "Huyu alikuwa nani, na alikwenda wapi?" Ukuta wa vioo haumfanyi aulize lolote.

Tatu, bibi yangu. Kwa miaka mingi alishona nguo barazani pa duka moja kama hayo. Hakuwa na uwezo wa kupanga chumba. Alilipia nafasi ya cherehani moja tu. Jengo lilipobomolewa, ghorofa iliyochukua mahali pake haikuwa na baraza. Ngazi zinaanzia barabarani, na mlinzi humfukuza yeyote anayeketi. Cherehani ya bibi sasa iko chini ya kitanda. Wanaoniambia kuhusu maendeleo wanijibu: maendeleo ya nani?

Najua mwenye nyumba naye ana haki. Paa linavuja, na kodi anayopata ni ndogo. Basi aachiwe ajenge nyuma atakavyo, mradi uso wa jengo na baraza vibaki. Na anayekarabati apunguziwe kodi ya majengo.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu zaidi ya kuelewa jambo hili. Neno "duka" lenyewe lilitufikia kwa biashara ya ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na Waganda nao wakasema "edduuka". Hakuna anayetaka lifutwe katika kamusi kwa sababu asili yake ni ya kigeni. Tumelitumia mpaka likawa letu. Majengo nayo ni hivyo hivyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa Jinja ufa hatuzibi, na ukuta hatujengi. Tunabomoa tu, kisha tunapiga makofi.