Kasi Tunalipia Sisi, Swichi Wameshika Wao

Vijana wenzangu, Jumamosi iliyopita kaja kijana na fulana ya kampuni hapa kwetu Chamazi, anauza intaneti ya nyumbani. Rauta unafungiwa, Mbps 10, elfu 70 kwa mwezi, unatumia mpaka uchoke. Kasaini leo, kesho unawashiwa. Mkataba wa mwaka mmoja.

Sikumfukuza. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na send-off, na kwa miaka mitatu nimekuwa mtu wa bando la usiku. Saa sita kila mtu kalala, mimi ndo naanza kumtumia mteja faili lake. Video moja ya GB 4 inakesha na mimi.

Tukakaa na dada kupiga hesabu. Bando zangu elfu 45 kwa mwezi, za dada anayesoma Chuo Kikuu Huria elfu 25, mdogo wetu elfu 10, mama elfu 5. Jumla elfu 85. Rauta ni elfu 70, lakini ukitoka nje rauta hutoki nao, kwa hiyo weka elfu 15 za bando la njiani. Tunarudi pale pale, 85. Yaani hela haipungui hata mia. Tunachonunua ni kufanya kazi mchana kama watu wengine. Kwa Mbps 10, kama kasi ya kupandisha ni hiyo hiyo, GB 4 zinaenda kwa karibu saa nzima. (Muulizeni muuzaji kasi ya kupandisha. Wengi wanakutajia ya kushusha tu, ya pili wanaimeza.) Kwangu mimi hiyo inalipa. Na kifurushi kikubwa zaidi ya hapo, kwa nyumba ya watu wanne, ni mbwembwe.

Nikawa nimeshamaliza. Mama, anachambua mchicha pale barazani, akauliza: "Sasa baba, na wakizima tena?"

Nyumba nzima kimya.

Maana wote tunakumbuka. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi Novemba 3. Haikujali una faiba, una rauta wala una kitochi. Dar tukiwa na amri ya kutotoka nje usiku, hujui ndugu yako wa mtaa wa pili yuko salama au la. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, mtandao ukasumbua, sawa, ile ilikuwa hitilafu, mtu anaelewa. Hii ya Oktoba ilikuwa uamuzi wa mtu.

Jirani yetu tayari alikuwa na huduma kama hii. Alilipia mwezi mzima. Siku tano hakupata kitu, na hakurudishiwa hata shilingi. Kwa bei ya elfu 70, siku tano ni kama 11,700. Ni ndogo? Zidisha kwa kila nyumba yenye rauta kuanzia Mbagala mpaka Goba, halafu niambie nani amekaa na hiyo hela. Fundi akishindwa kuja unamnyima ujira. Hapa unalipa, unazimiwa, na mwezi ujao unalipa tena.

Kwa hiyo tunapodai bei ya bando ishuke, kama tulivyopiga kelele Aprili 2021 mpaka vifurushi vipya vikasitishwa, tuongeze na hili: siku iliyozimwa isihesabiwe kwenye mwezi wa mteja, na iandikwe kwenye mkataba. Anayetaka kuzima ajue kuna anayemdai.

Kijana anarudi Jumamosi hii. Elfu 70 ninayo. Nitachukua ya mwezi kwa mwezi kama ipo, mkataba wa mwaka sisaini. Na nitamwita mama aje amuulize lile swali lake mwenyewe.